Maji yanayobaki ya rangi ya batiki, huu unga wa titani wa kuanika juani unasafisha kweli?

MamaBatiki_Kihesa

Kamwene jamani, na nyie wa Mbeya poleni na baridi. Mimi natengeneza batiki hapa Iringa, tuko wamama sita tunafanyia kazi uani kwangu, na kila Alhamisi tukishatia rangi tunabaki na maji ndoo kumi na tano mpaka ishirini, ya bluu, ya zambarau, na kuna ile ya rangi ya chungwa ambayo ukimwaga leo keshokutwa bado unaiona mtaroni. Miaka yote tumekuwa tunamwaga tu kwenye mtaro unaoshuka bondeni. Sasa huko chini kuna bibi ana vinyungu vyake, analima mchicha, figiri na mahindi ya kuchoma ya kiangazi. Mwezi uliopita alikuja hapa, wala hakugomba, alinishika mkono akanishusha mpaka kwenye tuta lake la mwisho akanionyesha udongo umegeuka bluu kama sketi ya shule alafu miche ya ukingoni imeungua ncha za majani. Akaniambia mwanangu, haya ndo maji nanyweshea mboga ambazo na wewe huwa unakuja kununua. Siku ile sikulala.

Mtoto wa dada yangu yuko kidato cha sita, nilipomsimulia akaniambia kuna unga mweupe unaitwa titani, ukiutia kwenye maji ya rangi ukaanika juani rangi inaisha yenyewe, haichujwi wala haizami, inaisha tu. Nikaona Mungu kanijibu. Nikaenda kwenye duka la rangi za nyumba nikauziwa nusu kilo ya unga mweupe, muuzaji akasema ndo titani yenyewe hiyo wanayowekea rangi ya ukutani. Nikatia vijiko viwili kwenye ndoo ya bluu nikakoroga nikaanika siku tatu jua kali. Nilichopata ni ndoo ya bluu ya maziwa. Haikupungua hata kidogo.

Sasa naomba wanaojua waniambie ukweli. Hiki kitu kipo au mtoto kasoma vibaya? Kama kipo mimi nimekosea wapi? Na je rangi ikipotea kwa macho maji yanakuwa salama kwa yule bibi au tunajidanganya? Mtaji wetu ni mdogo ila hili jambo nataka tulimalize, siwezi kuendelea kupita mbele ya nyumba yake hivi hivi.

Jua_la_Uyole

Shikamoo mama. Kitu kipo na kijana wako kasoma sawasawa kabisa. Ulichouziwa pia ni titani kweli ila sio ya kazi hii, na ngoja nikueleze kwanini maana mi mwenyewe niliingia humo humo nilipokuwa nafanya projekti ya mwaka wa mwisho hapa Mbeya.

Titani dioksidi ina maumbo, kuna inaitwa rutili na kuna anatasi. Ya rangi za ukutani mara nyingi ni rutili na juu ya hapo kila punje wameivika koti jembamba la silika au alumina, na koti lile wameliweka makusudi ili titani isifanye kile unachotaka wewe ifanye! Maana bila koti jua likipiga ukuta titani inaanza kula rangi yenyewe iliyoishika, ndo maana kuna kuta za zamani ukipitisha mkono unatoka na unga mweupe kama chaki. Kwahiyo umenunua titani iliyofungwa mdomo. Ya kazi hii ni anatasi, au mchanganyiko wa anatasi na rutili kidogo, isiyo na koti, punje zake ndogo mno, ile maarufu inayoitwa P25 punje moja ni kama nanomita 21 (nanomita ni sehemu ya bilioni ya mita) na gramu moja ukiitandaza uso wake wote unafika mita za mraba kama 50. Wauzaji wa kemikali za maabara wanaagiza, sio wauza rangi.

Inavyofanya kazi ni hivi. Mwanga wa UV, ule wa jua usioonekana kwa macho, ukigonga punje, elektroni inaruka juu inaacha tundu pale ilipokuwa. Lile tundu linanyang'anya elektroni kutoka kwenye maji yaliyogusana na punje na hapo inazaliwa radikali ya hidroksili, kitu chenye njaa ya ajabu, kinang'ata chochote kilicho jirani alafu kinaisha hapo hapo. Ile elektroni iliyoruka nayo inadakwa na oksijeni iliyomo kwenye maji. Rangi nyingi za nguo zina kiungo cha naitrojeni mbili zilizoshikana, wanaziita rangi za azo, na hicho kiungo ndo kinabeba rangi, kikikatwa rangi imekwisha. Unga wenyewe hauliwi, unabaki kama ulivyoingia. Ila urefu wa wimbi la mwanga lazima uwe mfupi kuliko nanomita 387 hivi kwa anatasi, na kwenye jua mwanga wa namna hiyo ni asilimia 4 au 5 tu. Taa ya ndani ya LED haisaidii chochote. Sisi wa nyanda za juu tuna nafuu, UV inaongezeka kama asilimia 10 kila ukipanda mita 1000, na Mbeya tuko kwenye 1700 hivi, kiangazi hiki cha Juni mpaka Oktoba mawingu machache, hapa kwetu jua la saa sita linachoma hata kama umevaa sweta.

Nilichofanya mimi. Nilichukua chupa nne za maji za plastiki zile za lita moja na nusu, nikatia methilini bluu kidogo sana, rangi kama ya anga. Ya kwanza rangi tupu. Ya pili rangi na titani nusu gramu kwa lita. Ya tatu rangi na titani ila nimeizungushia foili isipate jua. Ya nne rangi tupu na foili. Nikazilaza juu ya bati la banda la kuku asubuhi saa tatu. Kila nusu saa napanda kuzitikisa maana unga unalala chini. Kufika saa saba ile ya pili ilikuwa nyeupe kama maji ya wali. Ya foili yenye titani ilipungua kidogo, hiyo ni rangi imeng'ang'ania kwenye unga tu, haijavunjika, na hapo ndo watu wengi wanajidanganya kwa hiyo mama ukijaribu usikose chupa ya foili. Ya kwanza ilififia kidogo mno. Nilishuka kwenye ngazi natetemeka kwa furaha, nilimpigia mama yangu Tukuyu kumwambia.

Wiki iliyofuata nikaomba maji halisi kwa mama mmoja wa batiki, jekundu limekolea mpaka huoni kidole ndani ya chupa. Siku mbili juani, hakuna kitu. Hapo ndo nilijifunza zaidi kuliko siku ya furaha. Maji yakikolea rangi yenyewe inakula mwanga kabla haujafika kwenye punje. Na yale maji yalikuwa na soda ashi, pH, kile kipimo cha asidi na magadi ambacho saba ndo katikati, ilikuwa kumi na ushee. Kwenye pH ya namna hiyo uso wa titani unabeba chaji hasi, na rangi zile za pamba nazo ni hasi, zinasukumana kama sumaku, hazikutani. Alafu kaboneti ya soda ashi yenyewe inazila zile radikali njiani. Nilipozimua mara ishirini na kushusha pH kwa siki mpaka karibu na sita, ilikubali, siku ya pili jioni ilikuwa imekwisha. Lakini kuzimua mara ishirini mama ndoo zako ishirini zinakuwa mia nne...

Mkulima_Ludewa

Samahani nidandie, huku kwetu Liganga tunaambiwa kila siku kwamba kwenye kile chuma kuna titani na vanadi, hivi hatuwezi kuponda tu lile jiwe tukatumia? Naona ajabu tuagize nje kitu tumekalia.

Jua_la_Uyole

Mkuu lile jiwe titani yake imeshikana na chuma ndani kwa ndani, ukiponda unapata unga mweusi ambao hauwezi kazi hii. Kuitoa pale ni kazi ya kiwanda, moto mkubwa au asidi kali. Siku tukiwa na kiwanda chetu cha kuchenjua itakuwa habari nyingine, na natamani niione hiyo siku.

FundiMaabara_Mby

Kijana wa Uyole umeeleza vizuri, hongera, na hilo la chupa ya foili ningetamani kila mwanafunzi alishike. Hii elimu ilianzia Japani, Fujishima na Honda walichapisha mwaka 1972 jinsi titani inavyopasua maji kwa mwanga, na tangu pale watu wameandika mno juu ya kuondoa rangi. Nyingi ya hizo kazi ni za bika ndogo, vile vikombe vya maabara, methilini bluu, maji masafi, taa maalumu. Uani kwa mama kuna kitu kingine kabisa. Mimi nimekaa maabara miaka mingi nimeletewa maji ya kila namna, na swali langu la kwanza huwa moja tu.

Mama, rangi zenu ni za aina gani? Ni zile za kutumia kostiki soda na haidrosi, kitambaa kinatoka na rangi nyingine alafu kikipigwa na hewa kinageuka? Au ni zile za baridi za chumvi na soda ashi? Usinunue unga wowote kabla ya kunijibu.

MamaBatiki_Kihesa

Ndugu yangu zote mbili. Bluu nzito na kijani tunatumia kostiki na haidrosi, ndo hizo kitambaa kinatoka kama cha njano njano hivi, ukikitundika kwenye kamba kinaanza kugeuka huku unakitazama, wageni wakija hapo ndo wanashangilia. Ile ya chungwa na zambarau na bluu bahari ni za chumvi na soda ashi.

FundiMaabara_Mby

Asante. Basi una maji mawili tofauti na kosa la kwanza ni kuyachanganya kwenye ndoo moja. Yatenge kuanzia Alhamisi hii.

Chukua haya ya kostiki na haidrosi. Umeshasema mwenyewe dawa yake ila hujagundua kuwa ni dawa. Kile kinachotokea kwenye kamba, kitambaa kugeuka rangi, ni rangi inapokutana na oksijeni ya hewa inarudi kuwa kitu kisichoyeyuka. Ndo maana haichuji ukifua. Sasa yale maji ya kwenye beseni yana rangi hiyo hiyo, imeyeyuka tu kwa sababu haidrosi inaizuia. Ukiyamimina kwenye beseni pana, kina kifupi, ukayakoroga na mwiko mara kwa mara, au ukawa unayamimina toka ndoo kwenda ndoo kama unavyopoza chai, haidrosi inaisha na rangi inaganda kuwa chembe. Ikishaganda na kostiki ikapoozwa, nitakueleza hapo chini, unatia shabu iliyosagwa, unakoroga haraka dakika moja, polepole dakika kumi, unaacha usiku kucha. Asubuhi rangi iko chini kama tope. Titani haihitajiki hapo hata chembe, na ungeitia kabla ya haidrosi kwisha ingekuwa kazi bure maana haidrosi inanyonya oksijeni yote ambayo unga unaitegemea.

Na nikwambie kitu kuhusu yule bibi. Majani yaliyoungua ncha sidhani ni rangi iliyoyaunguza, mimi naona ni kostiki na chumvi. Rangi ndo ilikufanya uone, ila hata maji yangekuwa meupe pe yangemuunguzia. Kostiki lazima ipoozwe, na hapa naomba usome kwa makini, usimwage asidi ya betri humo wala asidi yoyote wakati haidrosi bado ipo, inatoa hewa ya salfa inayokaba, nimeona mtu akianguka kwa kukohoa kwenye chumba kilichofungwa. Kwanza hewa, mpaka maji yaache kubadilika rangi, ndo unapooza, tena nje, kwa siki au sitriki asidi kidogo kidogo. Shabu yenyewe pia inashusha pH. Huna karatasi za litmasi? Chemsha choya, ile ya juisi, tone moja la choya kwenye kijiko cha maji yako, likigeuka kijani bado ni kali, likiwa zambarau umekaribia. Kanuni za ubora wa maji za 2007 zinataka maji yanayotupwa yawe na pH kati ya 6.5 na 8.5, huo ndo mstari wako.

Sasa haya ya chumvi na soda ashi ndo mazito. Hizo rangi zimetengenezwa ziyeyuke na ziendelee kuyeyuka, shabu inazipata kidogo tu, na ile isiyoshika kitambaa ni nyingi, kuna rangi nusu yake inabaki kwenye maji. Hapa ndo jua na titani vina nafasi, lakini mwishoni sio mwanzoni. Kwanza punguza, mkaa uliosagwa na kuoshwa unashika sehemu, shabu sehemu, shusha pH, na maji yakishakuwa ya rangi hafifu kiasi cha kusoma gazeti kupitia glasi, ndo uyatandaze juani.

Nasema uyatandaze, usiweke kwenye ndoo. Ndoo yako mama ilikuwa na kina cha futi moja, jua liliishia juu juu. Trei ya vidole viwili au vitatu, gramu moja ya unga kwa lita basi, ukizidisha punje zinazibiana mwanga. Na hewa lazima, koroga. Ukifunika na kioo cha dirisha cha kawaida vumbi lisiingie haina shida sana, UV ya aina inayohitajika nyingi inapita.

Swali lako la tatu ndo limenifanya niandike usiku huu wote. Rangi kupotea sio maji kuwa safi. Kiungo kikikatwa vinabaki vipande, na vipande vya azo vingine ni vibaya kuliko rangi yenyewe mpaka navyo viliwe, viishie kuwa kaboni dioksidi, naitreti, salfeti. Kwahiyo maji yakishakuwa meupe saa saba usiyaondoe saa saba, yaache siku nyingine nzima juani. Kwa maabara tunapima COD, yaani oksijeni inayohitajika kuvunja uchafu uliomo majini kwa kemikali, kikomo kwenye kanuni hizo ni miligramu 60 kwa lita. Na ile bluu bahari yako kuna uwezekano mkubwa ina shaba ndani yake, bluu za namna hiyo nyingi zimejengwa kuzunguka shaba, hapo titani inaweza kuvunja rangi lakini shaba haivunjiki, inaachiwa huru kwenye maji. Hiyo bluu bahari usiipeleke kwenye trei kabisa, bora uiache au ubadilishe rangi.

Mama_Mwanjelwa

Shikamoo kaka fundi. Dada wa Iringa mimi niko Mwanjelwa nafanya batiki tangu mwaka 2004, hayo ya shabu ni kweli nayafanya, ila nikuongezee, ile rangi ya kostiki usiwe na haraka ya kumwaga, ikipoa na kuchoka tia haidrosi kidogo na kostiki kidogo uipashe moto, inatoa kitambaa kingine cha rangi laini na wateja wanakipenda. Mi natoa mpaka mara tatu kwenye beseni moja, ndoo za kumwaga zimepungua zenyewe. Tope la chini nalikausha kwenye gunia, nalifukia mbali na kisima, silitii kwenye mbolea hata siku moja. Na glavu jamani, mwaka wa kwanza kostiki ilinitoboa hapa kwenye kiganja kovu ninalo.

Kuna kijana alitushauri zinki ya famasi, ule unga mweupe wa dawa ya ngozi, eti nao unafanya kama titani. Ni kweli?

Jua_la_Uyole

Ni kweli mama, zinki oksidi inafanya na wakati mwingine inakimbia kuliko titani, tena juani vizuri tu. Shida yake inayeyuka, kwenye kostiki inayeyuka, kwenye asidi inayeyuka, na hata mwanga wenyewe unaila taratibu. Zinki ikishaingia mtoni samaki wanaumia. Kwa maji yenu yanayopanda na kushuka pH hivi nisingeitumia.

Alafu kuna hili la kuurudisha unga, sikulisema mwanzo. Unga mdogo hivyo ukiumwaga na maji umehamisha tatizo tu, na ni hela pia. Kwenye pH ya sita na nusu hivi punje za titani zinapoteza chaji zinajikusanya, zinazama zenyewe usiku, unatoa maji ya juu polepole kwa mpira. Unga ukiwa mkavu vaa barakoa, shirika la IARC la utafiti wa saratani limeuweka kwenye kundi la vinavyoweza kuleta saratani ukivutwa kama vumbi. Sa hivi ninachofanya naugandisha, napaka uji wa titani na saruji nyeupe kidogo kwenye kigae kilichokwaruzwa, maji yanatiririka juu yake. Unapungua nguvu kuliko ukiwa huru ila hakuna cha kuchuja. Watu wameshajaribu pia mawe ya pumisi, yale mepesi yanayoelea, huku Rungwe yamejaa na faida yake yanakaa juu kabisa kwenye mwanga. Bado sijafanikiwa, titani inabanduka baada ya siku nne tano.

MamaBatiki_Kihesa

Nimerudi baada ya wiki tatu, samahani nimekaa kimya, tulikuwa na oda ya harusi.

Ya kostiki nimefanya kama fundi alivyosema. Tulimimina kwenye mabeseni ya kufulia, watoto wakawa wanakoroga wakipita, kufika jioni ukikoroga unaona vichembe vya bluu vinazunguka kama majani ya chai. Shabu, usiku kucha. Asubuhi nilienda na tochi kabla hata sijanawa uso, maji yalikuwa ya njano kidogo, chini tope la bluu unene wa kidole. Niliita wote waje waone. Mama Mwanjelwa ndaga fijo, vitambaa vya mara ya pili vimenunuliwa vyote na bibi harusi.

Ya chumvi kijana wa Uyole alinipa titani kidogo kupitia basi, Mungu ambariki. Nimetumia trei za kuokea za jirani na plastiki nyeusi chini. Ile ya chungwa baada ya mkaa na shabu na siki, siku ya kwanza ikawa kama soda, ya pili kama mkojo wa mtoto, ya tatu huwezi kujua ilikuwa rangi. Trei ya gizani chini ya meza bado ni ya chungwa mpaka leo. Nikaacha siku moja zaidi kama mlivyosema. Bluu bahari nimeacha kuinunua.

Alafu nikafanya kitu changu. Nikachukua visosi vitatu, pamba, na mbegu za mchicha ishirini ishirini. Kisosi cha kwanza maji ya bomba, cha pili maji ya chungwa kabla ya kusafisha, cha tatu haya meupe ya juani. Siku ya tano: bomba zimeota kumi na nane. Maji machafu haikuota hata moja. Maji ya juani zimeota saba, tena fupi fupi. Nilitegemea zote ziote. Kwanini wakati ni meupe hivyo? Bado nina kitu humo?

FundiMaabara_Mby

Mama hicho kipimo cha visosi ni kipimo halali kabisa, wapo wanaokitumia maabara kwa mbegu za saladi. Chukua maji ya bomba, tia chumvi kijiko kwa lita, uyape mbegu nyingine ishirini, na maji yale ya trei usiyaonje. Nadhani utapata saba tena au pungufu. Chumvi unayotia kwenye rangi ya baridi ni nyingi, na jua haliondoi chumvi, titani haiondoi chumvi, mkaa hauondoi chumvi. Ndo iliyobaki.

Kwahiyo kwa bibi yasiende. Lakini fikiria unachohitaji Alhamisi ijayo kwa ile rangi ya chungwa, si maji na chumvi? Unayo tayari kwenye trei. Chuja unga vizuri uzame wote, pima pH, na anza na rangi nzito usianze na ya pinki, kama kuna mabaki yasionekane. Jaribu kitambaa kidogo kwanza.

MamaBatiki_Kihesa

Sikuwahi kuwaza hivyo kabisa, na chumvi tunanunua mfuko kila mwezi. Alhamisi najaribu na kipande cha nusu mita. Bibi nimemwambia mtaro tumeuziba kwa juu, kesho tunashuka wote sita tukamchimbie tuta jipya la juu ambako maji yetu hayajawahi kufika.